Nionyesheni Mgongo wa Timu Kwanza

Kila mwaka, wiki chache kabla ya ligi kuanza, nafungua daftari langu la mpira na kupiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika wachezaji walioondoka TP Mazembe ya Lubumbashi, kulia walioingia. Vijana wanaokuja kununua yunite za simu kwenye kibanda cha jirani yangu hapa Dilala, Kolwezi, huliinamia daftari hilo na kusoma upande wa kulia tu. Wakikuta jina jipya kutoka Mali au Senegal, wanashangilia kana kwamba mwenye jina amekwisha kufunga. Mimi husoma kushoto kwanza, tena polepole.

"Muzee, we unasemaka vile vile kila mwaka," mpwa wangu aliniambia wiki iliyopita. "Mwaka huu timu iko. Haukuona majina?"

Majina nimeyaona. Timu sijaiona bado.

Anayesoma haya akiwa Lubumbashi asije akadhani nimetumwa na watu wa Lupopo, wapinzani wetu. Mazembe nimeirithi. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines hapa Kolwezi, na mpira wake ulikuwa wa redioni. Alinisimulia habari za Englebert, ndilo jina la klabu hiyo wakati ule, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 ikarudia 1968. Alinisimulia kipa Robert Kazadi. Alinisimulia Pierre Kalala, yule waliyemwita Bombardier, ambaye mwaka 1968 kule Addis Ababa alifunga bao pekee la fainali dhidi ya Ghana na kuipa nchi yetu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa na desturi yake. Akitaja kikosi cha enzi hizo alianza na kipa, akaja kwa mabeki wa kati, akapita kwa viungo, akafika kwa Kalala. Mawinga aliwataja mwisho, na siku nyingine hakuwataja kabisa. Nilidhani ni uzee. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mzee alikuwa ananifundisha kusoma kikosi.

Baada ya Kombe la Washindi la Afrika la mwaka 1980 ukaja ukame. Miaka 29 Mazembe haikugusa kombe lolote la bara. Hata hapa nyumbani, baada ya ubingwa wa 1987 tulingoja hadi mwaka 2000. Huo ndio ujana wangu. Ni miaka ile ile ambayo Kolwezi yenyewe iliumia: mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka 1990, Gécamines ikashuka mwaka hadi mwaka, na nyumba za wafanyakazi zikaanza kuishi kwa kulima na kuuza. Mwanzo wa kila msimu hakukosekana mtu wa kushuka kutoka Lubumbashi na orodha mfukoni. Orodha zile zilikuwa tamu masikioni. Mwisho wa msimu hazikuwa na kombe. Mashaka yangu ya leo yalizaliwa hapo, hayakuzaliwa kwa chuki.

Daftari lenyewe nimelianza 2009, mwaka ambao kiu ilikatwa. Tulifungwa Nigeria na Heartland mabao 2-1, tukashinda Lubumbashi 1-0, na bao la ugenini likatupa ubingwa wa Afrika. Trésor Mputu alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Kwa hiyo niliandika jina lake kwa wino mzito, nikaweka mengine chini yake kama watoto wanavyokaa chini ya baba.

Mwaka uliofuata ndio ulionifundisha. Kwenye Kombe la Kagame kule Kigali, katika mechi na APR, Mputu na mwenzake Guy Lusadisu walimvamia mwamuzi, na FIFA ikawafungia, Mputu kwa mwaka mzima. Nakumbuka siku habari ilipofika Dilala: watu walikaa kimya kama msibani. Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: BILA MPUTU HATUVUKI. Maneno hayo bado yapo, sikuyafuta.

Tulivuka. Oktoba 2010 tuliwafunga Espérance wa Tunis mabao 5-0 Lubumbashi na fainali ikawa imekwisha kabla ya marudiano. Desemba tukaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Bedi akawafunga Pachuca wa Meksiko. Kisha ikaja siku ya Internacional ya Brazili: Kabangu bao la kwanza, Kaluyituka la pili, na Robert Kidiaba akiruka kwa makalio langoni kwake, dunia nzima ikimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kufika fainali ya mashindano hayo. Inter Milan walitufunga 3-0 siku ya mwisho, lakini hapa Kolwezi siku hiyo hakuna aliyelia. Wazee waliokuwa hawajazungumza kwa miaka kwa sababu ya mpira walisalimiana.

Nilikaa na daftari wiki nzima nikijiuliza nilikosea wapi. Jibu lilikuwa katika desturi ya baba. Mputu alikuwa taji la timu ile, na taji likiondoka kichwa kinabaki. Kidiaba alikuwa golini tangu zamani. Kimwaki alikuwa nyuma. Bedi na Kasongo walikuwa katikati. Kaluyituka alikuwa mbele. Watu hao walikuwa wamecheza pamoja kiasi kwamba kipa hakuhitaji kumwita beki kwa jina. Mgongo ulikuwa mzima. Tangu siku hiyo nikiletewa orodha ya msimu natafuta watu wanne au watano tu: kipa, beki wa kati anayeongea, kiungo anayekaba na kubaki mahali pake, na mshambuliaji anayefunga bila kupewa nafasi kumi. Winga mwenye mbio nampenda kama wote wanavyompenda, ila simhesabu mpaka hao wapatikane.

Mwaka 2011 nikaongeza kitu kingine pembeni ya ukurasa, safu ndogo niliyoipa jina "karatasi". Tulikuwa mabingwa watetezi, na tulikuwa tumewatoa Simba wa Dar es Salaam kwa kuwafunga nyumbani na kwao. Simba wakapeleka malalamiko kwamba beki wetu Janvier Besala Bokungu hakuwa na haki ya kuchezea Mazembe. CAF wakawakubalia. Bingwa wa Afrika akatolewa mashindanoni mezani, siyo uwanjani. Kwa hiyo msinishangae ninapouliza kuhusu mkataba na leseni ya mchezaji kabla sijauliza anapiga mguu gani. Vijana wa kibandani huona hayo ni mambo ya makarani. Sisi tuliopoteza ubingwa kwa sababu ya karatasi moja tunajua uzito wake.

Jambo jema lililotoka katika pambano lile ni Mbwana Samatta. Alikuwa kijana wa Simba, Mazembe wakamwona, wakamchukua mwaka huo huo. Wakampata pia Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu. Kutoka Zambia kulikuwa na Rainford Kalaba na Nathan Sinkala. Kikosi cha 2015 ndicho bora ambacho daftari langu limewahi kubeba, na ndicho pekee nilichokiandikia sentensi moja tu: "Hapa sina swali." Samatta alimaliza akiwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa kwa mabao saba. Tuliwafunga USM Alger kwao 2-1, tukawafunga kwetu 2-0, likawa kombe la tano. Januari 2016 Samatta akatawazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani, na mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji.

Upande wa kushoto wa ukurasa wa 2016 una jina hilo zito. Hata hivyo tulichukua Kombe la Shirikisho 2016, tukalichukua tena 2017. Sishangai tena. Aliondoka mmoja, mgongo ukabaki, na Kalaba alikuwa bado yupo wa kuwakumbusha wengine jinsi ya kushinda.

Sasa tazameni kilichofuata. Ben Malango akaenda Raja ya Casablanca mwaka 2019. Meschack Elia akatua Young Boys ya Uswisi. Jackson Muleka, mtoto wa Lubumbashi, akaenda Standard Liège mwaka 2020. Katika muda wa mwaka mmoja na kidogo safu nzima ya mbele ilihama. Klabu ikiuza mchezaji haitendi kosa. Kijana ana maisha yake, na fedha ya Ulaya hujenga nyumba ya mama. Kosa ni kuuza watatu wa mahali pamoja huku mrithi wa hata mmoja hajakomaa. Niliyasema hayo kibandani mwaka ule, nikaambiwa nina roho ya kunguru wa mazishi. Kunguru ndilo jina letu la utani, kwa hiyo sikukasirika.

Matokeo yalionekana Oktoba 2022. Vipers ya Uganda, klabu ambayo wengi hapa walikuwa hawajawahi kuisikia, ilitusimamisha Kitende 0-0, ikaja Lubumbashi ikatusimamisha tena 0-0, na kwa penalti ikatutoa katika Ligi ya Mabingwa. Dakika 180 bila bao, kwa timu iliyokuwa na Samatta, Malango, Elia na Muleka ndani ya miaka michache iliyopita. Tukashushwa kwenye Kombe la Shirikisho. Huko Yanga wakatufunga 3-1 Dar es Salaam mwezi wa Februari 2023, wakaja wakatufunga 1-0 nyumbani kwetu mwezi wa Aprili.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo nataka wapenzi wa mpira wa Katanga walitazame bila kufumba macho. Yanga ile iliyotufunga ilikuwa na Fiston Mayele. Ilikuwa na Djuma Shabani, Yannick Bangala, Tuisila Kisinda. Wakongo watupu. Kwa miaka mingi sisi ndio tuliokuwa tukienda Dar kuchagua. Samatta alipanda kuja kwetu kwa sababu Lubumbashi ndiko kulikokuwa na mshahara, uwanja mzuri na ndege ya kuelekea Ulaya. Barabara imegeuka. Jean Baleke alitoka Mazembe kwenda kuchezea Simba Januari 2023. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union kwenda Yanga. Beki wa kushoto Chadrack Boka alitoka Lupopo kwenda Yanga mwaka 2024. Malori yanayopita hapa yakiwa na shaba kuelekea Kasumbalesa, Zambia, hadi bandari ya Dar es Salaam, sasa yanafuata njia moja na mabeki wetu.

Zamani upande wa kushoto wa daftari ulikuwa na majina ya miji ya Ulaya, na mtu aliweza kujifariji kwamba kijana amepanda. Leo una Dar, mara nyingine Casablanca. Mchezaji anayehamia klabu utakayokutana nayo kundini hajaondoka tu, amekuongezea adui. Mayele baadaye alikwenda Pyramids ya Misri na kuipa ubingwa wa Afrika mwaka 2025. Hakuwa wa Mazembe, alitoka Vita ya Kinshasa, lakini swali ni letu sote: mshambuliaji wa namna hiyo alikuwa nchini mwetu, akicheza ligi yetu, na hakuna klabu ya Kongo iliyoweza kumweka.

Nisiwe mtu wa kuhesabu vidonda tu. Msimu wa 2023-2024 ulinipa furaha. Mzee Lamine N'Diaye wa Senegal, yule aliyetupeleka Abu Dhabi, alikuwa amerudi benchini. Tuliwafunga Mamelodi Sundowns 1-0 Lubumbashi. Tuliwatoa Petro ya Luanda. Tukafika nusu fainali, na ingawa Al Ahly walitumaliza 3-0 Cairo baada ya sare ya 0-0 kwetu, hakuna aibu kufungwa na Ahly kwao. Tukamaliza na ubingwa wa 20 wa nchi. Kibandani wakaniambia nichome daftari.

Sikulichoma. Kabla ya msimu wa 2024-2025 niliandika neno moja katikati ya ukurasa: BENCHI. Nilikuwa nimetazama jinsi timu ilivyokuwa ikipumua kuanzia dakika ya 70, na sikuona ni nani angeingia akaibadilisha. Tukawekwa kundi moja na Al Hilal ya Sudani, MC Alger na Yanga tena. Desemba 2024 Yanga walikuja Lubumbashi. Tulifunga kwa penalti, tukaongoza hadi dakika za nyongeza, Prince Dube akasawazisha. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu wapatao hamsini mbele ya televisheni moja, na nilisikia pumzi zao zikitoka kwa pamoja. Tarehe 4 Januari 2025 tukaenda Dar, tukafunga sisi kwanza kwa penalti tena, tukamaliza tumefungwa 3-1. Mechi mbili, mara mbili tukitangulia, na pointi moja tu mkononi. Tulimaliza wa mwisho kundini. Timu inayotangulia kufunga mara mbili na kushindwa kulinda haina tatizo la vipaji. Inachokosa ni beki anayeongea na kiungo anayebaki, pamoja na wale watatu wa benchi ambao kocha anawaamini saa mbaya.

Msimu huo huo, ndani ya klabu hiyo hiyo, kulikuwa na somo lililopita mbele yetu tukalipigia makofi bila kulisoma. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilikwenda Moroko chini ya kocha Lamia Boumehdi, ikawafunga AS FAR 1-0 katika fainali, tena kwao, ikawa bingwa wa Afrika. Walipata bao moja wakalilinda. Nilikuwa sijawahi kuandika orodha yao, na katika hilo nilikosa. Sasa wana kurasa zao. Nawaomba wanaume wanaobishana kibandani wajue majina ya dada zao kama wanavyojua ya mawinga wa kutoka ng'ambo.

Mpwa wangu ana jibu lake kwa yote haya. Yeye ni mtu wa AS Simba, Simba ya hapa hapa Kolwezi, siyo ile ya Dar. "Muzee, muko na timu ya mu Lubumbashi na muko munaishi huku," ananiambia, na hapo sina pa kukimbilia. Simba na Blessing, zote mbili za hapa Kolwezi, zimecheza ligi kuu kundi moja na Mazembe, Lupopo, Don Bosco, Lubumbashi Sport na Panda ya Likasi. Uwanja wa Dominique Diur upo, unapendeza, watu wanakwenda. Nikienda kuwatazama Simba napata kitu nisichokipata mbele ya televisheni: namwona kipa akipanga ukuta, nasikia sauti yake. Hilo linamjulisha mtu kikosi kuliko orodha kumi.

Lakini mashaka yangu hayachagui jezi. Mji huu unachimba shaba na kobalti ambayo viwanda vya dunia vinaisubiri. Fedha inapita hapa kwa wingi mbele ya macho yetu. Na bado kijana akionyesha miguu mizuri kwenye viwanja vya vumbi vya Musonoie, Kapata au Luilu, swali la kwanza la mjomba wake ni lini atapelekwa Lubumbashi. Ukimwona kipa wa miaka kumi na saba hapa Kolwezi, basi umemwona kwa muda. Timu inayopoteza mgongo wake kabla haujakomaa haiwezi kuulizwa kwa nini inainama.

Kuna mzigo mwingine usiosomeka kwenye orodha yoyote, nao ni kalenda. Ligi ya 2019-2020 ilikatwa na korona, na Mazembe wakatangazwa mabingwa. Ligi ya 2022-2023 ilianza ikafa njiani, ikakosa bingwa. Januari 2025 Goma ilipotekwa, mpira wa mashariki ukasimama pamoja na maisha ya watu, na klabu za kule zikabaki na wachezaji bila uwanja. Unaweza kusajili mgongo mzuri kuliko wote Afrika. Ukimkalisha beki miezi miwili bila mechi, akikutana na mshambuliaji wa Tunis au Omdurman aliyecheza kila Jumamosi, atachelewa nusu hatua. Nusu hatua ile ndiyo bao la Dube. Ninapopewa kikosi cha msimu mpya sasa nauliza pia: mechi ngapi, lini, na nani anahakikisha zitachezwa? Kocha hana jibu la hilo. Wenye ligi wanalo, na wapenzi wana haki ya kulidai.

Oktoba 2025 Lupopo walitupa sote, wao na sisi, kitu cha kufikiri. Wakati sisi wa Mazembe tulikuwa watazamaji wa mashindano ya bara, Lupopo, watu wa reli, waliwafunga Orlando Pirates 3-0 Lubumbashi. Wakaenda Afrika Kusini, nao wakafungwa 3-0. Timu nyingi zingevunjika pale. Wao walisimama, wakapiga penalti zao, wakashinda. Mimi mtu wa Mazembe nilijikuta nimesimama. Nyumbani kwangu jezi ya njano na buluu haiingii, lakini usiku ule nilimwandika kipa wao na mabeki wao kwenye ukurasa wa mwisho, kwa heshima.

Kwa hiyo hii hapa hesabu yangu ya msimu unaokuja. Vijana wapya sitawataja kwa majina, kwa sababu kijana ana haki ya kucheza kabla hajahukumiwa gazetini. Nataja nafasi. Golini nataka mtu mmoja apewe msimu mzima, hata akikosea mechi mbili; tangu Kidiaba astaafu tumekuwa na makipa wazuri, ila ni wachache waliopewa muda wa kuwa bwana wa eneo lake. Katikati ya ulinzi nataka wawili wale wale kuanzia mechi ya kwanza ya kirafiki. Mbele ya mabeki nataka kiungo ambaye hata tukifungwa 1-0 hatakimbilia lango la wapinzani na kuacha nyumba wazi. Mshambuliaji wa kati asinunuliwe dirisha la Januari, wakati kundi limekwisha kuamuliwa. Na wale walioiva wakitakiwa Dar au Casablanca, aondoke mmoja, sio watatu.

Mechi za kirafiki za kushinda 6-0 dhidi ya timu za mtaani msinitumie kwenye simu. Nitumieni ile iliyokwisha 1-0, na mniambie kama bao lilifungwa dakika ya 20, tukalilinda dakika 70.

Mpwa wangu anataka nitaje nafasi tutakayomaliza. Nimempa jibu na ameliandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mwandiko wake, ili mwisho wa msimu asiseme nilibadilisha. Ndani ya nchi tutakuwa kati ya watatu wa kwanza. Ubingwa tutaupata iwapo mabeki wawili wa kati watakaoanza mechi ya kwanza ndio watakaoanza mechi ya kumi. Wakibadilishwa kabla ya hapo, msitungoje.